Kiti Alichopumulia Bibi

Bibi yangu mzaa baba hakuweza kulala kama watu wengine. Moyo wake ulikuwa umechoka, ndivyo baba alivyoambiwa hospitalini Tabora, na kila alipojinyoosha kitandani pumzi ilimkata akaanza kutapatapa kama mtu anayezama. Daktari alisema mgonjwa akae wima mchana na usiku, na aegemee kitu imara. Basi bibi akahamia kitini. Alikula hapo, alisali hapo kwa kuinamisha kichwa tu, na usingizi ulimkuta hapo hapo, shavu limeegemea mbao.

Kiti chenyewe alikitengeneza babu. Babu sikumkuta, alifariki kabla sijazaliwa, lakini nilikulia katikati ya vitu alivyochonga. Alikuwa seremala kule Ng'ambo, Tabora mjini, na kazi alifundishwa na fundi mmoja wa pwani aliyepanda bara na misafara akaoa, asirudi tena kwao. Viti vya babu vilikuwa vya mninga. Mgongo wa kila kimoja ulikuwa mrefu, umejaa nakshi za majani na maua yaliyoshikana, na mikono ilipinda kwa mbele kiasi cha kiganja kukaa bila kuteleza. Kikalio kilikuwa cha henzirani, zile fimbo nyembamba zilizoletwa na meli kutoka nchi za mbali, zikachanwa nyuzi nyuzi, zikaloweshwa na kusukwa kwenye matundu ya fremu hadi zikatoa macho madogo madogo kama ya sega la asali. Kikalio cha namna ile hubonyea kidogo unapokaa, na hewa hupita chini. Kwa mgonjwa asiyeinuka, hilo ndilo lililomwokoa na vidonda.

Babu alipofariki, bibi alirudi kwenye ardhi ya ukoo wake upande wa Nzega, si mbali na Lusu. Alirudi na viti vinne juu ya mkokoteni wa ng'ombe, ndivyo babu alivyokuwa ameviacha kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe. Baba akamfuata mama yake. Baba hakuwa na mkono wa kuchonga kama babu, na hilo alilisema bila aibu, ila kusuka alijua. Alilima pamba na mahindi kama majirani zetu wote, na baada ya mavuno alipanda basi kwenda Tabora kusuka vikalio vilivyopasuka katika nyumba za wafanyabiashara na za mapadri. Akirudi alikuja na kitita cha henzirani, kimekunjwa kama nyoka aliyelala, na mimi ndiye niliyejaza maji kwenye karai ili zilowe.

Uhuru ulipokuja nilikuwa mtoto mdogo. Nakumbuka kitu kimoja tu cha siku ile: watu walikuja kuazima viti vyetu ili wazee wakae mbele ya bendera, na baba akavibeba mwenyewe, viwili viwili, huku anacheka. Sikuwahi kumwona baba akicheka vile peke yake njiani. Viti vilirudi jioni vimefutwa vumbi, na bibi alikikalia chake akasema bado kina joto la watu.

Wakati huo bibi alikuwa mzima. Alikuwa anakwenda shambani.

Nilipofika umri wa kubeba ndoo kubwa, moyo wake ulikuwa tayari umeanza kumsaliti, na henzirani nazo zilikuwa zimeanza kuadimika. Mfanyabiashara aliyekuwa akiziuza Tabora alifunga duka akaondoka na familia yake. Baba akaulizia kwingine, akaambiwa asubiri. Akasubiri msimu mzima. Kikalio cha bibi, kwa kukaliwa bila kupumzika, kilianza kukatika pembeni, na baba alipoona hakuna njia, akachukua kiti kimoja kati ya vile vingine vitatu, akakifumua. Alizitoa nyuzi moja moja, akaziloweka upya, akazisuka kwenye kiti cha mama yake. Mwaka uliofuata akafumua cha pili. Kisha cha tatu. Vile vitatu alivifunga kamba za katani ili vikalike, lakini vilikuwa vimeshakuwa viti vya wapita njia kukalia kidogo tu. Chenye henzirani kilibaki kimoja.

"Usinimalizie viti vya baba yako," bibi alimwambia.

"Havijaisha, mama. Viko hapo hapo ulipokaa."

Lori lilikuja wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Habari ya kuhamia kijijini tulikuwa tumeisikia muda mrefu. Walikuja watu kuhutubia, wakatueleza kwamba tukikaa pamoja tutapata shule, zahanati na maji ya bomba, na sisemi kwamba tulipinga. Mama alizitaka hizo shule kwa ajili yangu na wadogo zangu. Baba aliomba jambo moja tu, kwamba tupewe muda ajenge kwanza kule tunakokwenda, amuweke mama yake chini ya paa. Balozi wetu wa nyumba kumi alikwenda kutusemea. Alirudi akatwambia wamekubali.

Asubuhi lori lilipofika, hakuna aliyekuwa amekubali kitu. Wanamgambo wawili waliingia uani, vijana, mmoja wao tulimfahamu kwa sura. Wakasema tupakie. Mama akaanza kukusanya vyungu. Baba alisimama mlangoni.

"Ndani kuna mgonjwa," alisema. "Hawezi kulala kwenye lori."

"Nani kasema alale? Atakaa kama wengine."

"Hawezi kukaa chini."

Yule kijana tuliyemfahamu aliingia ndani. Tulimsikia akisema, "Shikamoo, bibi," na bibi akajibu marahaba kwa sauti yake ya kukatika. Alipotoka alikuwa hatazami mtu machoni. Akamwambia mwenzake, "Tumbebe na kiti chake."

Ndivyo bibi alivyohama. Wanaume wanne walikishika kile kiti miguuni, wakamwinua kama bibi harusi, wakampandisha kwenye lori akiwa amekaa wima, khanga imemfunika kichwa, mikono imekamata mbao. Baba alisimama nyuma yake njia nzima akikizuia kiti kisiyumbe. Mimi nilikaa miguuni pake. Nyuma yetu, kabla hatujapinda, nikaona wanamgambo waliobaki wakivuta majani ya paa letu kwa miti mirefu, ili tusije tukarudi. Bibi hakugeuka. Sidhani kama angeweza kugeuka hata kama angetaka.

Tulishushwa kwenye mbuga iliyofyekwa. Vigingi vilikuwa vimepigwa kwa mistari, kila familia na kipande chake, na hapakuwa na kitu kingine. Baba alikiweka kiti cha bibi juu ya kipande chetu, akatazama jua linakozama, akakigeuza lisimchome. Kisha akaanza kuchimba mashimo ya nguzo kukizunguka. Nyumba yetu ile tuliijenga kwa kuanzia pale bibi alipokaa. Yeye alikuwa anatazama tu kuta zikimzunguka, na siku tuliyomaliza kufunga miti upande wa mbele alisema, "Mayu, sasa sioni tena kule tulikotoka." Mayu ni mama, kwa Kinyamwezi, na ndivyo alivyokuwa akiniita mimi.

Katibu wa kijiji alikuwa kijana aliyemaliza shule, mwembamba, mwenye shati moja jeupe alilolifua kila siku. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Ndiye aliyetutafutia majani ya kuezekea wakati wenzetu bado wanalala chini ya miti. Alipopita kwetu alimwamkia bibi kabla ya kumwamkia mtu mwingine yeyote, akachuchumaa mbele ya kiti chake wakazungumza. Baba alimpenda. Mama naye alimwekea chakula.

Siku moja asubuhi alikuja na wanaume wawili. Hakuchuchumaa.

"Fundi," alimwambia baba, "leo anakuja mgeni kutoka mkoani. Atahutubia pale ofisini. Hatuna mahali pa kumkalisha."

"Chukueni viti," baba akasema. "Vipo vitatu."

Katibu alivitazama vile viti vya kamba za katani. Alikigusa kimoja kwa ncha ya vidole.

"Fundi, huyu ni mkubwa. Nikimkalisha kwenye kamba, wataniuliza kijiji hiki kina nini." Akamtazama bibi, akamtazama tena baba. "Ni saa moja tu. Anahutubia, anaondoka. Nakirudisha kwa mikono yangu mwenyewe."

"Na huyu?" baba akauliza.

"Saa moja, fundi. Tumuegemeze kwenye magunia."

Bibi ndiye aliyejibu. Alikuwa na desturi ya kukusanya pumzi kwanza, afumbe macho, kisha aongee maneno machache kwa mkupuo. "Mpe mtoto wa watu kiti. Mgeni hasimami."

Wakamwinua wakamuweka chini juu ya mkeka, mama akamwekea magunia ya mashudu ya pamba mgongoni. Kiti kikatoka. Nilisimama mlangoni nikakiona kinavyokwenda juu ya kichwa cha mtu, na zile nakshi za babu zinang'aa juani, maana mama alizipaka mafuta kila wiki.

Saa moja ilipita. Mgeni hakuwa amefika, barabara ilikuwa mbaya. Alifika jua likiwa utosini, na hotuba yake tuliisikia kutoka nyumbani, sauti tu bila maneno, na makofi. Bibi alikuwa ameanza kuteleza. Magunia hayakuwa kitu imara, yalibonyea yakamfuata, na kila tulipomwinua aliteleza tena. Baba alikwenda ofisini. Alirudi na katibu, wote wawili wanatembea haraka, na kiti hakikuwepo.

"Kiti kimetangulia na mgeni," katibu alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Wamekipakia kwenye Landrova. Kijiji kinachofuata hawana kiti, wakasema watakirudisha. Nimewaambia kina mgonjwa, fundi. Wallahi nimewaambia. Dereva kanambia nimfuate mkubwa nikamwambie mwenyewe."

"Ukamwambia?"

Katibu alijifuta jasho kwa mkono wa shati lake.

Baba alichukua baiskeli yake. Kabla hajatoka alimwinamia mama yake. "Nakifuata, mama. Nitarudi nacho leo."

"Polepole," bibi akamwambia. "Jua kali."

Baba alipoondoka mama alijaribu kila kitu. Aliegemeza kinu. Aliegemeza kile kiti cha katani, bibi akakaa juu yake, lakini kamba zilimkata mapajani na miguu yake iliyovimba ikawa myeusi, akaomba ashushwe. Vitanda vyetu vilikuwa vya miti mifupi, havina mgongo. Ukuta ulikuwa bado ni fito tupu, haujakandikwa, ukiuegemea unakuchoma. Mwisho mama alisema, "Kaa wewe." Nikakaa kwenye mkeka, nikampa bibi mgongo, na mama akamsogeza hadi mgongo wake ukaegemea wangu. Nikakanyaga ardhi kwa visigino ili nisirudi nyuma.

Hivyo ndivyo alivyopata pumzi. Nilikuwa naihisi kabla sijaisikia. Mbavu zake zilinisukuma kidogo, zikatulia, zikanisukuma tena, na ndani yake kulikuwa na mchemko kama wa uji mzito. Nilipochoka mama alikaa badala yangu, na mama alipokwenda kupika nilikaa tena. Hatukuzungumza sana. Mara moja aliniuliza kama mgongo unaniuma, nikasema hapana.

"Una mgongo mzuri," akasema. "Wa babu yako."

Giza liliingia baba hajarudi, na tukapokezana hivyo hivyo mpaka kukapambazuka. Majirani walikuja, wanawake watatu wa mstari wetu, nao wakakaa kwa zamu. Nakumbuka mmoja wao, mnene, bibi alipomwegemea alisema alhamdulillahi kwa sauti ya kustarehe mpaka tukacheka. Yule mama akasema atakaa hapo hadi fundi arudi. Lakini alikuwa na mtoto mchanga, akaitwa.

Asubuhi ile, watu wakiwa wamekwenda shamba la kijiji, ilikuwa zamu yangu. Mama alikuwa nje anachota moto kwa jirani. Mbavu za bibi zilinisukuma, zikatulia. Nikangoja. Kwa muda wote ule kulikuwa na vituo virefu kati ya pumzi na pumzi, nilikuwa nimevizoea, kwa hiyo niliendelea kungoja. Kisha uzito wake wote ukanijia. Sikujua kwamba alikuwa ananipunguzia uzito mpaka alipoacha kunipunguzia. Nilibaki nimekanyaga kwa visigino pale pale. Niliona nikisogea ataanguka chali, na akilala chali hatapumua. Mama aliporudi na kaa la moto kwenye kigae alinikuta nimekaza miguu, ninalia bila sauti. Aliweka kigae chini, akamshika bibi mabega, akaniambia, "Toka sasa. Toka, mwanangu."

Tulimngoja baba. Wanawake walimwosha, sanda ikapatikana kwa mwalimu wa madrasa ambaye alikuwa ameiweka kwa ajili yake mwenyewe. Saa za alasiri wazee walisema maiti haipaswi kungojeshwa zaidi na hakuna ajuaye fundi yuko wapi. Wakamchukua.

Baba alikuja kesho yake. Nilimwona kutoka mbali, anasukuma baiskeli, hajaipanda, na kiti kimefungwa nyuma miguu juu. Alipokaribia akaona watu wamekaa uani juu ya mikeka, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Alisimama. Kisha akaendelea kuja, akaegemeza baiskeli kwenye nguzo, akaanza kufungua kamba. Aliifungua polepole, fundo baada ya fundo, akaikunja. Akakibeba kiti akakiingiza ndani, tukamsikia akikisogeza mpaka miguu ilipoingia kwenye vile vishimo ilivyokuwa imechimba ardhini. Akatoka.

"Mmemlaza wapi?" akamuuliza mama.

Mama alishindwa kumjibu. Lile neno lilimshika. Mtu aliyekaa wima miaka yote ile kwa kuogopa kulala, na kulazwa ndiyo lugha tunayoitumia kila siku kwa wafu, hakuna nyingine. Mzee mmoja akainuka akampeleka.

Habari ya safari yake baba aliisimulia mara moja tu, tena kwa mama, mimi nikiwepo. Katika kijiji cha kwanza alikuta mgeni ameshaondoka na kiti ameondoka nacho. Alifuata ile njia ya zamani ya misafara, ambayo babu yake mama alipita akiwa mpagazi, kwa sababu ilikuwa inakata porini na gari haliwezi kupita. Alifika kijiji cha pili jua linazama. Kiti alikiona dirishani. Kilikuwa kwenye ofisi mpya, kimewekwa nyuma ya meza, mlango umefungwa kwa kufuli, na mlinzi akasema ufunguo anao mwenyekiti naye mwenyekiti amekwenda kulala kwa ndugu zake. Baba alimweleza. Mlinzi alimhurumia, akampa viazi. Lakini mlango hakuwa na namna ya kuufungua.

"Ningeuvunja," baba alisema. "Ulikuwa mlango wa mbao laini. Nilikuwa na patasi mfukoni."

"Wangekufunga," mama akamwambia.

"Wangenifunga na kiti kingefika?"

Baba alikaa chini ya lile dirisha mpaka asubuhi. Mwenyekiti alipokuja alasiri alisikitika kweli kweli, akafungua mara moja, akasema laiti wangemwambia jana. Kikalio kilikuwa kimepasuka katikati. Mtu alikuwa amesimama juu yake na viatu ili atundike picha ukutani.

Katibu alikuja siku ya tatu ya msiba, amevaa lile shati lake. Alileta sukari imefungwa kwenye karatasi, na sukari wakati ule ilikuwa kitu cha kutafuta. Aliiweka mbele ya mama kwa mikono miwili. Kisha akasimama mbele ya baba, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkeka.

"Fundi, nilisema saa moja. Niliamini ni saa moja."

"Najua."

"Nifanye nini?"

Nilikuwa nangoja amtukane. Nilitaka amtukane, nilitaka ainuke ampige, na watu wote wale waone.

"Kaa," baba akasema. "Unywe chai. Ulikuwa unakaa naye, kaa na sisi."

Katibu alikaa. Alikunywa chai ile analia, machozi yanaingia kikombeni, na hakuna aliyemtazama. Haukupita muda akahamishiwa kwingine, na sikusikia habari zake tena.

Mvua za mwaka ule hazikuja. Tulipanda kwenye shamba la kijiji, mbegu zikapikwa na udongo. Ukaja unga wa njano kutoka nje, tukaula na tukashukuru, ingawa ulikuwa unanuka gunia. Mdogo wangu wa mwisho aliugua tumbo akafa kabla ya kiangazi kingine. Kuta za zahanati tuliyoahidiwa zilikuwa zimefika usawa wa dirisha tu. Baba alichimba kaburi mwenyewe, pembeni ya la bibi, na nilianza kuona kwamba hazungumzi tena isipokuwa kuulizwa.

Kile kiti kilibaki pale ndani na tundu lake katikati. Mama alimuomba akisuke hata kwa ukindu. Akasema ndiyo, hakukisuka. Kuku alitaga mayai chini yake. Siku moja niliporudi kutoka kisimani sikukiona, na mama akaniambia baba amekipeleka shuleni, kwa mwalimu, ambaye alikuwa anafundisha amesimama kutwa. Nikaenda kutazama. Walikuwa wamekipigilia ubao wa sanduku, na misumari ilikuwa imeipasua fremu pande mbili. Baba aliyaona hayo yote, akapita zake. Alikuwa ni mtu ambaye zamani akiona msumari kwenye kiti cha babu angekosa usingizi.

Mwishowe tulihamia Tabora, kwa shangazi yangu kule Ng'ambo. Baba alifikiri mjini atapata kazi ya kusuka. Henzirani hazikuwepo. Watu walikuwa wanatupa viti vya zamani nje, mvua inavinyeshea, na wananunua makochi ya sponji. Alipata kazi ya kushona magunia ghalani. Miaka ilipopita, na maduka yakaanza kujaa tena, mtu mmoja aliyekuwa anamkumbuka alimletea kitita cha henzirani na viti viwili. Nilijaza karai maji kama zamani, nilikuwa mke wa mtu tayari. Baba alikaa akautoa uzi wa kwanza, akaupitisha tundu la kwanza, akauvuta. Akaupitisha la pili. Kisha akaurudisha kwenye maji.

"Mikono imesahau," akasema.

Haikuwa imesahau. Nilikuwa nimemwona alivyoushika.

Kabla hajafa aliniomba nimpeleke kwenye kaburi la mama yake. Tulipanda basi, tukashuka barabarani, tukatembea. Kijiji kilikuwa kimevunjika siku nyingi. Watu walikuwa wamerudi polepole kwenye ardhi zao za zamani, kila mmoja na njia yake, na kuta za ofisi zilikuwa zimeyeyuka zikawa kichuguu. Kila mahali ilikuwa pamba. Baba alisimama akitafuta. Alisema ofisi ilikuwa hapa, basi mstari wetu ulikuwa kule, na makaburi nyuma yake, kabla ya mti fulani ambao haukuwepo. Alikwenda akarudi, akakosea, akaanza upya. Mkulima mmoja kijana alikuja kutuuliza tunatafuta nini. Tulipomwambia alisikitika, akasema yeye alilikodi shamba likiwa limeshalimwa na trekta, hakuona dalili yoyote.

"Samahani, mzee," akasema. "Sikujua kuna watu."

"Huna kosa," baba akamwambia.

Tukasimama kwenye ukingo wa lile shamba. Baba aliinua mikono, nami nikainua yangu, na kwa kuwa hatukujua tuelekeze wapi, tulimsomea bibi Fatiha, na mdogo wangu, tukilitazama shamba zima.